Daka, Msana, Ndani: Namna ya Kuweka Maisha Yako Mtandaoni Bila Kuwaanika Watu Wako

Bibi yangu alifariki saa nne asubuhi, nyumbani kwetu Mkomani, Lamu. Hata maji ya kumuosha hayajatengwa, mimi nilikuwa nimeshaweka stetasi: picha yake amejitanda leso, na innalillahi chini yake. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa nalia na simu iko mkononi. Ami yangu, kitindamimba wa bibi, saa hiyo alikuwa ndani ya basi la kutoka Mombasa, wameshaipita Malindi na Garsen hawajafika, anakuja kumtazama mgonjwa. Habari ya mamake aliipata kwa ujumbe wa pole kutoka kwa mtu aliyewahi kumuuzia saruji. Safari yote iliyobaki, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, alikaa nayo peke yake kati ya watu asiowajua. Akavuka na boti, akapanda ngazi za gati, akaingia nyumbani, na mimi sikuweza kumtazama usoni.

Hakuna aliyenigombeza. Shangazi aliniambia tu, usiku wa pili, "Mwanangu, habari ya mauti ina mwenyewe wa kuipeleka."

Tangu siku hiyo nina utaratibu ninaoufuata kabla sijaweka kitu chochote mtandaoni. Mashoga zangu wameniuliza mara nyingi, na nimeona bora niuandike wote.

Hatua ya 1: Jua jambo lako ni la chumba gani

Mji wa kale wa Lamu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni wanakuja kuipiga picha milango yetu. Mlango ni mzuri, lakini akili ya nyumba imo katika yale yanayofuata. Nje kuna daka, na viti vya mawe huku na huku. Anayepita huketi, husalimia, hunywa kahawa, na mazungumzo yake ni ya bei ya samaki na upepo. Ukivuka mlango kuna tekani, kiukumbi kilichopindishwa makusudi, ili hata mlango ukiwa wazi wa njiani asikione kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba. Ndipo kiwanda chenyewe, kisha msana wa tini na msana wa yuu, kumbi mbili wanapokaa jamaa, kisha ndani. Na nyuma kabisa ni nyumba kati, chumba walichojifungulia mama zetu na walicholazwa maiti wetu kabla ya kutolewa.

Hakuna aliyehitaji kuandikiwa sheria. Muuza samaki aliishia dakani. Shemeji alifika msanani baada ya hodi. Huko ndani waliingia wachache, na nyumba kati wachache zaidi. Kuta ndizo zilizokuwa zikisema nani asikie nini.

Simu haina tekani. Ukifungua mlango wake, aliye njiani anaona mpaka kitandani, isipokuwa ukuta umeujenga wewe kwa mkono wako.

Fanya hivi leo. Chukua mambo kumi ya mwisho uliyoyaweka mtandaoni, popote pale, yaandike kwenye karatasi, na mbele ya kila moja andika ungelisemea chumba gani. Mashua mpya ya kakako siku ya kushushwa majini: daka, kila mtu na aone. Matokeo ya mtihani wa mwanao: msana, na pengine hata hapo kwa kunong'ona, maana binamu yake naye amefanya mtihani huo huo. Ugomvi wako na mawifi: ndani. Mimba ya miezi miwili, maradhi ya mama, maiti: nyumba kati. Nilipofanya zoezi hili mara ya kwanza, mambo sita kati ya kumi yangu yalikuwa ya msanani au ya ndani, na yote nilikuwa nimeyaweka dakani.

Hatua ya 2: Hesabu masikio

Hapa ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Tunasema "nimeweka kwa grupu la familia tu" kana kwamba grupu ni msana. Lifungue grupu lenu la ukoo, nenda kwenye orodha ya waliomo, pita jina moja moja. Letu lina watu 140. Kati yao nilikuta namba ishirini na kitu nisizozijua kabisa: waume wa mabinamu walioachana nao, jirani aliyetiwa wakati wa mchango wa harusi akasahauliwa, na namba moja ambayo hakuna aliyeweza kutuambia ni ya nani. Hilo ni daka, tena la uwanja wa Mkunguni siku ya soko.

Stetasi nayo ihesabu. Wanaoiona stetasi yako ya WhatsApp ni wale mliohifadhiana namba. Sasa fikiria umehifadhi namba za nani: nahodha wa boti ya Shela, fundi, mwalimu wa mtoto, mteja wa mahamri aliyekutumia M-Pesa mara moja. Nao wamekuhifadhi. Watu wema wote hao, lakini si watu wa kuambiwa kwamba umelala na njaa kwa hasira za mumeo.

Hatua ya 3: Jenga kuta

Hii ni kazi ya nusu saa, uketi nayo mara moja uimalize.

Kwenye WhatsApp ingia Mipangilio, kisha Faragha. Stetasi ina njia tatu: waone wote unaowasiliana nao, waone wote isipokuwa utakaowachagua, au waone wale tu utakaowachagua. Mimi natumia hiyo ya tatu kwa mambo ya msanani, na nina orodha ya watu kumi na tisa. Hapo hapo kwenye Faragha zuia pia watu kukutia kwenye magrupu bila ruhusa yako, na chagua nani aione picha yako ya wasifu.

Ukishiriki mahali ulipo kwa wakati huo huo, WhatsApp inakupa dakika 15, saa moja au saa 8. Chagua dakika 15. Anayekusubiri gatini haimhusu utakapolala.

Picha iliyopigwa na simu inaweza kubeba ndani yake alama za mahali ilipopigwa. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida alama hizo huondolewa, lakini ukiituma kama faili huenda nazo zote. Ingia kwenye kamera yako uizime sehemu ya mahali. Kwenye Facebook kuna kitufe cha kuzirudisha posti zote za zamani zilizokuwa za umma zionekane na marafiki tu. Ukikibonyeza mara moja, miaka yote inafungwa pamoja.

Weka na ile namba ya siri ya tarakimu 6 ya WhatsApp, ya hatua mbili. Ukuta wote huu ni bure mtu akiichukua akaunti yako kwa kukuomba msimbo uliokuja kwa ujumbe. Msimbo huo hapewi mtu, hata akijiita binamu.

Na ujue mipaka ya kuta zenyewe. Stetasi huondoka baada ya saa 24, lakini anayeipiga skrinishoti wewe huambiwi. Picha ya kutazamwa mara moja haikubali skrinishoti, na bado simu ya pili inaweza kuipiga ikiwa juu ya meza. Ujumbe unaweza kuufutia watu wote ndani ya siku mbili na nusu hivi, ila aliyekwisha kuusoma kausoma. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hatua ya 4: Piga hodi kwa mwenye sura

Kuta ulizojenga ni zako. Lakini maisha yako yamejaa watu wengine, na sura zao si mali yako. Sisi tumelelewa na Surat An-Nur, aya ya 27: tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe. Picha ya mtu ni mlango kama mlango mwingine.

Hodi ya picha ni tatu, na kila moja ina jibu lake. Ya kwanza, nikupige? Ya pili, niiweke? Ya tatu, waione kina nani? Tatizo kubwa tunaloliona Lamu ni kwamba tunaomba ya kwanza tu, tena kwa kuinua simu na kucheka, kisha tunajipa zile mbili. Mtu aliyekaa vizuri akatabasamu amekubali kupigwa. Kuonyeshwa hajakubali bado.

Harusi zinafundisha jambo hili kuliko kitu kingine. Siku ya kupamba, wanawake peke yao ukumbini, mabuibui yamevuliwa, nywele zimeachiwa, hina imekolea, kila mmoja amekuja amejipamba kwa sababu anajua hakuna jicho la nje. Picha moja ya bi harusi, ukiiweka bila kuangalia, nyuma yake kuna wanawake wanane vichwa wazi. Mmoja wao mumewe yuko Saudia na ataiona kabla ya asubuhi. Ndiyo maana harusi nyingi za pwani sasa simu zinakusanywa mlangoni, na mimi naliunga mkono hilo kwa moyo wote. Kama wewe ndiwe mwenye shughuli, fanya hivi: liandike kwenye mwaliko ili mtu asishtuke mlangoni, weka mtu mzima anayeheshimika azipokee simu, si msichana wa miaka kumi na tano ambaye mashangazi watampita, chagua mpiga picha mmoja mwanamke, na mkubaliane kabla ya siku kwamba kadi ya picha inabaki kwa bi harusi. Kisha bi harusi mwenyewe aamue, baada ya fungate, akiwa ametulia, ipi itoke na imfikie nani.

Watoto hawawezi kuitikia hodi, kwa hiyo mzazi ndiye anayeitika. Picha ya mwanao na wenzake madrasani: wako ni mmoja tu, waliobaki wana mama zao. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data za mtoto kutumiwa, na hilo si la makaratasi tu. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja ambaye hakukubali. Madrasa, shule za chekechea na nyumba za wageni za kwetu zenye kurasa za Instagram nazo zimo humo. Na mwanao akishafika miaka tisa au kumi, muulize yeye. Mtoto wangu alinikataza picha ya jino lake lililong'oka. Haijatoka.

Mgonjwa ni mgumu zaidi, kwa sababu mara nyingine lazima tuseme. Mficha uchi hazai: matibabu yanataka pesa, na pesa zinapatikana kwa mchango. Basi taja kinachohitajika. Andika jina kama mwenyewe amekubali, hospitali iko mji gani, kiasi kinachotakiwa, namba ya kutumia na jina litakalotokea, na siku ya mwisho. Picha ya mpira puani na shuka limeteleza haiongezi hata shilingi moja kwa watu wanaompenda, na yeye akipona ataishi nayo. Anayetaka uthibitisho mtumie barua ya daktari peke yake. Na shukrani za mchango zisiwe skrinishoti za M-Pesa zilizobeba majina na namba za watu. Andika orodha kwa mkono, au jumla tu.

Hatua ya 5: Mauti na uzazi vina zamu

Hapa nazungumza kama mtu aliyekosea. Kabla ya neno lolote kuandikwa, mtu mmoja katika nyumba, mtulivu kuliko wengine, akae na karatasi aandike majina ya watu ambao ni lazima waambiwe kwa sauti: watoto wa marehemu, ndugu zake, mke au mume, na yule rafiki wa miaka hamsini ambaye hana simu ya kisasa. Apigiwe mmoja mmoja. Aliye safarini aambiwe kupitia mtu aliye karibu naye, au asubiriwe afike, kadiri jamaa watakavyoona. Msikiti utangaze. Kisha mwenye msiba, na si mjukuu, aseme sasa iandikwe. Kwa mazishi yetu ya siku ile ile hii ni kazi ya saa moja au mbili, haichelewi.

Mtoto akizaliwa ni vivyo hivyo: habari ni ya mama, naye ndiye mwenye kuitoa. Bibi anaweza kuwa na hamu kiasi gani, angoje.

Safari nayo, kwa ufupi: picha za Malindi ziwekwe mkisharudi. Nyumba iliyofungwa haitangazwi.

Hatua ya 6: Sema unachotarajia

Kuta za mawe zilisema zenyewe. Simu haisemi, kwa hiyo lazima mdomo useme. Nyumbani kwetu tuna neno moja. Kabla ya ujumbe wa sauti au picha ya siri tunaandika "hii ya ndani", na anayepokea hujibu "ndani" kabla ya kutumiwa chochote. Asipojibu hatumiwi. Mara ya kwanza ilionekana kama ukali, sasa hata wajomba wanaitumia. Tofauti yake ni kubwa, maana yule aliyesambaza siri na kusema "sikujua kama ni siri" mara nyingi anasema kweli.

Naomba nikae kidogo kwenye mafumbo. Mwanamke wa pwani amekuwa akisema kwa leso tangu zamani. Umegombana na jirani, unajifunga leso yenye neno lake, unapita mbele ya mlango wake, anasoma, anajua, na hana pa kukushtaki. Watu wengi wanaona stetasi ya fumbo ni leso ile ile. Nimeifikiria sana hii na sikubaliani. Leso ilisomwa na aliyekutana nawe siku ile, kisha ikafuliwa. Aliyelengwa alijua ni yeye, na wengine walijisomea tu. Fumbo la stetasi linasomwa na watu mia tatu, hamsini kati yao wanadhani wamesemwa wao, na mmoja analipiga skrinishoti akampelekea unayemtaja na jina juu. Sasa si fumbo tena, ni barua yenye sahihi yako, na kikao cha wazee kitaisoma. Kama una neno na wifi yako, jifunge leso. Au mwende mkaongee.

Hatua ya 7: Siri ikishatoka

Usijibu kwa hasira, na usiisambaze hata kwa kuilaani, maana kila "jamani oneni walivyomfanyia" inaifikisha mbali zaidi. Hifadhi ushahidi kwanza: skrinishoti yenye jina, namba, tarehe na saa. Kisha mwendee aliyeiweka, ana kwa ana ikiwezekana, au mtume mtu mzima mnayemheshimu nyote wawili, umwombe aifute. Mengi yanaishia hapo. Ikiwa imo kwenye grupu, msimamizi anaweza kuufuta ujumbe wa mtu yeyote, kwa hiyo mtafute yeye mapema. Na iripoti ndani ya programu yenyewe.

Ikikataa, jua ulipo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya faragha, pamoja na mambo ya familia yako kutofichuliwa bila sababu. Kwa Kamishna wa Kulinda Data unaweza kulalamika kwa maandishi au kwa mdomo, na lalamiko linatakiwa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90. Lakini sheria hiyo haiingii kwenye mambo ya mtu binafsi na nyumba yake tu. Usitarajie ikuamulie ugomvi na dadako kuhusu picha ya grupu la familia. Iko pale kwa ajili ya shule, duka, hoteli, kampuni ya mikopo.

Picha za utupu ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 37, inamwadhibu anayezisambaza kwa faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote. Msichana aliyefanyiwa hivyo asiulizwe kwanza kwa nini alipiga. Akae na mtu anayempenda, ushahidi uhifadhiwe, na aende polisi akiwa amefuatana na mtu mzima. Nimewaona wawili waliofungiwa chumbani kwa aibu wakati aliyesambaza anakunywa kahawa dakani, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mwongozo huu nilimsomea ami kabla ya kuutoa, kwa sababu ndani yake mna yeye. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kina nani watausoma, nikamwambia yeyote. Akanyamaza. Kisha akasema habari ya basi niiache, iwafae watu, ila kuna sentensi moja juu ya bibi niitoe. Nimeitoa.